Acha Kuigeuza Kalamu Kuwa Kipanya

Kila anayenunua tableti ya kuchorea ili aitumie kwenye programu ya modeli ya Blender huja na swali lile lile: "Nimeshaiweka kwenye hali ya kipanya, mbona bado inasumbua?" Inasumbua kwa sababu umeiweka huko. Ushauri wa kuiweka huko unapokezanwa bila kupimwa, na matokeo yake ni vifaa vizima kufungiwa kabatini vikidhaniwa vibovu.

Elewa unachokizima. Kwa kawaida kila nukta ya tableti ina mwenzake kwenye skrini. Gusa kona ya juu kulia, na kishale kiko kona ya juu kulia. Ukizoea, mkono huyakariri masafa hayo na kwenda moja kwa moja kwenye menyu, kama mpishi anavyoifikia chumvi bila kuitazama. Hali ya kipanya huukata uhusiano huo. Ukiinua kalamu na kuishusha kwingine, kishale hubaki kilipoachwa, kwa hiyo unasukuma, unainua, unarudi, unasukuma tena. Kipanya huuweza mwendo huo kwa kuwa hukaa mezani chenyewe. Kalamu unaibeba wewe, na kila kuinua kunachosha mkono. Umebeba udhaifu wa kipanya na kuitupa nguvu ya kalamu.

Baya zaidi, tatizo lenyewe hujaligusa. Kinachowakwamisha watu kwenye programu za modeli ni kitufe cha kati. Katika Blender, kukishikilia huzungusha mtazamo. Ukiongeza Shift unausogeza, ukiongeza Ctrl unaukaribia au kuuacha mbali. SketchUp nayo huzungusha kwa kitufe hicho na kukuza kwa gurudumu. Maya hutaka Alt pamoja na vitufe vitatu, kila kimoja na kazi yake. Kalamu haina gurudumu, na kubadili mwendo wa kishale hakuwezi kuzaa kitufe ambacho hakipo.

Wala usikubali kuuziwa tableti ghali kwa hoja kwamba ina viwango 8192 vya mkandamizo badala ya 4096. Mkandamizo una maana unapochonga kwa brashi. Unapovuta kona ya mchemraba, programu haiulizi umekandamiza kiasi gani.

Sasa fanya hivi. Rudisha hali ya kalamu. Kwenye mipangilio ya tableti, kitufe cha chini ubavuni mwa kalamu kiwe kitufe cha kati, cha juu kiwe cha kulia, na vyote vikubali kubonyezwa kalamu ikielea bila ncha kugusa. Weka mipangilio hiyo kwa programu ya modeli peke yake, ili ya kuchora picha isivurugike. Linganisha uwiano wa tableti na wa skrini, la sivyo duara utakalochora litatoka limebonyea. Una skrini mbili? Ifunge tableti kwenye moja. Vitufe vya tableti vipe Shift, Ctrl, Alt na kutendua.

Mkono wa pili ukae kwenye kibodi. Bonyeza G kusogeza, R kuzungusha, S kubadili ukubwa, kisha elekeza kalamu ikiwa inaelea na uguse kuthibitisha. Unapoongeza mizunguko ya kingo kwa Ctrl na R, andika idadi kwa tarakimu, gurudumu halihitajiki. Kwenye Windows, zima kushikilia ncha kunakoleta bofyo la kulia. Mkandamizo ukipotea, nenda sehemu ya Input ya Blender ubadili kati ya Wintab na Windows Ink. Kalamu yako haina vitufe? Washa "Emulate 3 Button Mouse", na Alt pamoja na kugusa itafanya kazi ya kitufe cha kati. Ila jua kwamba Alt hiyo hiyo ndiyo huchagua mizunguko ya kingo, hivyo zitagongana. Njia nyingine ni kuburuta mpira wa mihimili ulio kona ya juu kulia ya dirisha.

Kama kazi yako ni michoro ya vipimo vya milimita tupu, kipanya kinatosha, usisumbuke. Kama unachonga sura, miili na nguo, panga kalamu kama nilivyoeleza, kisha uipe wiki kadhaa za kazi halisi kabla ya kukilaumu kifaa.