Si laana ya Babe Ruth iliyoinyima Boston Red Sox taji kwa miaka 86

MASHABIKI wa klabu ya soka ya Liverpool humu nchini wanalifahamu vyema jina la Fenway Sports Group, kampuni iliyoinunua klabu hiyo Oktoba 2010. Huenda wachache miongoni mwao wakajua kwamba jina Fenway linatokana na uwanja wa besiboli ulioko mjini Boston, Marekani, na kwamba timu inayochezea hapo, Boston Red Sox, iliwahi kukaa miaka 86 bila kutwaa ubingwa.

Ukame huo ulianza baada ya ushindi wa 1918 na kumalizika Oktoba 2004. Katika kipindi hicho wakazi wengi wa Boston walizaliwa, wakazeeka na kufariki bila kuiona timu yao ikinyanyua kombe.

Maelezo yaliyopendwa na wengi ni kwamba timu hiyo ilikuwa imelaaniwa. Kwa Mkenya aliyewahi kusikia kushindwa kwa timu ya soka kukihusishwa na uganga, dai hilo si geni. Hata hivyo, anayezipitia kumbukumbu za Red Sox tukio baada ya tukio hukuta sababu zisizohitaji mizimu: maamuzi ya binadamu, mengine ya pupa na mengine ya ubaguzi.

Besiboli inakaribiana na kriketi. Timu inayolinda huwa na wachezaji tisa uwanjani. Mrushaji huurusha mpira, naye mpigaji wa timu pinzani huupiga kwa rungu kisha hutimua mbio kupitia vituo vitatu hadi arejee kituo cha nyumbani alikoanzia. Akifika salama, timu yake hupata mkimbio mmoja. Mpira ukivuka ua wa uwanja kabla ya kugusa ardhi, mpigaji na wenzake waliokuwa vituoni hurejea nyumbani bila kusumbuliwa.

Kila timu hupata zamu tisa za kupiga, na zamu huisha wapigaji watatu wanapoondolewa. Matokeo yakiwa sare, zamu huongezwa hadi mshindi apatikane. Fainali, inayoitwa World Series, huwakutanisha bingwa wa Ligi ya American na yule wa Ligi ya National, na anayetangulia kushinda mechi nne ndiye bingwa.

Miaka ya neema

Timu ya Boston iliundwa 1901 na ilianza kutumia jina la Red Sox, yaani soksi nyekundu, msimu wa 1908. Ndiyo iliyotwaa World Series ya kwanza kabisa mnamo 1903, ilipoishinda Pittsburgh kwa mechi tano dhidi ya tatu katika fainali iliyopangiwa mechi tisa.

Uwanja wa Fenway Park ulifunguliwa Aprili 20, 1912, siku tano tu baada ya meli ya Titanic kuzama. Hadi leo ndio uwanja mkongwe zaidi katika ligi kuu za besiboli, ukijulikana kwa ukuta wake wa kijani wenye kimo cha zaidi ya mita 11. Red Sox ilitwaa ubingwa mwaka huo, kisha 1915, 1916 na 1918.

Nyota aliyeng'ara zaidi kikosini alikuwa kijana George Herman Ruth, aliyepewa jina la Babe. Alianza kama mrushaji hodari na alishinda mechi mbili katika fainali ya 1918 dhidi ya Chicago Cubs. Msimu uliofuata aligeukia zaidi kupiga na akauvusha mpira nje ya uwanja mara 29, idadi ambayo haikuwa imewahi kufikiwa.

Nyota auzwa

Januari 1920 ilitangazwa kwamba mmiliki wa Red Sox, Harry Frazee, aliyekuwa pia mwandalizi wa michezo ya kuigiza, alikuwa amemuuza Ruth kwa New York Yankees kwa dola 100,000. Katika mapatano hayo Frazee alipata pia mkopo, akaweka uwanja wa Fenway kuwa rehani.

Wakati huo Yankees haikuwa imewahi kutwaa ubingwa. Ruth alivusha mipira 54 katika msimu wake wa kwanza New York, na 1923 timu hiyo ikapata taji lake la kwanza. Kufikia 2003 ilikuwa na mataji 26.

Kilichoiangamiza Boston si kuondoka kwa Ruth pekee. Frazee aliendelea kuwauzia Yankees wachezaji wengine wazuri, na kikosi kilichotwaa taji la 1923 kilijaa watu waliotoka Fenway. Kati ya 1922 na 1932 Red Sox ilishika mkia wa Ligi ya American mara tisa. Anayeuza mbegu hana haki ya kushangaa akikosa mavuno.

Mlango uliofungwa

Tajiri Tom Yawkey aliinunua timu hiyo 1933 na kuanza kusajili wachezaji wa bei kubwa. Katika enzi yake ndipo alipotokea Ted Williams, ambaye wengi humhesabu kuwa mpigaji bora aliyewahi kuivalia Red Sox.

Siku ya mwisho ya msimu wa 1941, Septemba 28, wastani wa Williams ulikuwa umefikia .400 kwa kukadiria desimali. Kama angeketi nje, rekodi ingehesabiwa kuwa yake. Alikataa kuketi, akacheza mechi mbili siku hiyo mjini Philadelphia, akafanikiwa mara sita katika majaribio manane na kumaliza msimu kwa .406. Hakuna mchezaji wa Ligi ya American wala ya National aliyefikia .400 tangu hapo.

Hata hivyo, Williams hakupata taji. Red Sox ilifika fainali 1946 na kushindwa na St. Louis Cardinals katika mechi ya saba kwa mikimbio 4-3.

Mwaka mmoja kabla ya fainali hiyo lilitokea tukio ambalo halikuvutia umati, lakini lililoigharimu timu kuliko kuuzwa kwa Ruth. Aprili 16, 1945, wachezaji watatu weusi walifanyiwa majaribio Fenway: Jackie Robinson, Sam Jethroe na Marvin Williams. Walifikishwa hapo na mwanahabari mweusi Wendell Smith, baada ya diwani wa Boston, Isadore Muchnick, kutishia kupinga kibali cha timu kucheza Jumapili.

Watatu hao walipiga, wakakimbia, wakadaka, kisha wakarudi makwao. Hakuna aliyepewa mkataba. Miezi sita baadaye Robinson alisajiliwa na Brooklyn Dodgers, na Aprili 15, 1947 akawa mchezaji mweusi wa kwanza katika ligi kuu za karne ya 20. Jethroe naye aliteuliwa chipukizi bora wa Ligi ya National mwaka wa 1950 akichezea jirani zao, Boston Braves.

Timu nyingine zilifungua milango moja baada ya nyingine na kuvuna vipaji. Red Sox ilisubiri hadi Julai 21, 1959, Pumpsie Green alipoingia uwanjani mjini Chicago. Ilikuwa ya mwisho kati ya timu zote 16 za ligi kuu kumchezesha mchezaji mweusi, miaka 12 baada ya Robinson. Timu iliyojifungia nje ya soko la vipaji kwa hiari yake haikuhitaji laana ya mtu mwingine.

Ni Williams huyo huyo aliyetoa kauli ya heshima kuhusu suala hilo. Alipotawazwa katika Ukumbi wa Mashujaa wa besiboli 1966, alitumia hotuba yake kuomba wachezaji weusi walionyimwa nafasi, akiwataja Satchel Paige na Josh Gibson, nao watambuliwe ukumbini humo.

Kidole kimoja na kombe

Mnamo 1967 timu iliyokuwa imemaliza katika nafasi ya tisa msimu uliotangulia ilifika fainali ikiongozwa na Carl Yastrzemski, ikashindwa katika mechi ya saba. Mnamo 1975 Carlton Fisk aliupiga mpira katika zamu ya 12 ya mechi ya sita dhidi ya Cincinnati Reds, akawa anaupungia mikono kana kwamba anausukuma usitoke nje ya mstari. Mpira uligonga mlingoti wa mpakani na Boston ikashinda 7-6. Siku iliyofuata ilipoteza mechi ya saba 4-3.

Pigo lililouma zaidi lilikuja Oktoba 25, 1986 mjini New York. Red Sox ilikuwa ikiongoza New York Mets 5-3 katika zamu ya 10 ya mechi ya sita, wapinzani wakiwa wamepoteza wapigaji wawili na hawana mtu kituoni. Ilibaki kuondolewa mpigaji mmoja tu ili taji liende Boston.

Mets walipata mapigo matatu mfululizo. Kisha mrushaji wa Boston akarusha ovyo, mpira ukampita mdakaji na matokeo yakawa 5-5. Ndipo Mookie Wilson alipoupiga mpira mwepesi uliobingirika ukapita katikati ya miguu ya Bill Buckner. Mets walishinda 6-5, na mechi ya saba wakaishinda 8-5.

Buckner, aliyekuwa akicheza na vifundo vya miguu vibovu, alibebeshwa lawama zote. Walisahau wengi kwamba matokeo yalikuwa tayari sare kabla mpira haujamfikia, na kwamba kulikuwa na mechi nyingine mbele. Aprili 2008 alialikwa kurusha mpira wa ufunguzi wa msimu Fenway. Mashabiki walisimama wakimpigia makofi kwa muda mrefu, naye akafuta machozi. Alifariki 2019.

Ni baada ya 1986 ambapo hadithi ya laana ilipamba moto. Mwanahabari Dan Shaughnessy alichapisha mwaka wa 1990 kitabu alichokiita The Curse of the Bambino, Bambino likiwa jina jingine la utani la Ruth. Mnamo 2003 Yankees walipoichapa Boston 6-5 katika zamu ya 11 ya mechi ya saba na kuinyima tiketi ya fainali, wengi waliona hakuna ushahidi zaidi uliohitajika.

Siku nne za Oktoba

Wakati huo, hata hivyo, wamiliki wapya wakiongozwa na John Henry walikuwa wamekwisha kuichukua timu 2002. Walimteua Theo Epstein, kijana wa miaka 28, kusimamia usajili, na wakaanza kuwapima wachezaji kwa hesabu za kina badala ya sifa za mdomoni. Mmoja wa waliosajiliwa alikuwa David Ortiz wa Jamhuri ya Dominika, aliyekuwa ameachwa na Minnesota Twins.

Oktoba 2004 Boston ilikutana tena na Yankees katika nusu fainali ya mechi saba. Ilipoteza tatu za kwanza, ya tatu ikiwa kwa aibu ya 19-8. Hakuna timu ya besiboli ya ligi kuu iliyokuwa imewahi kutoka katika shimo kama hilo.

Katika mechi ya nne Yankees waliongoza 4-3 hadi zamu ya tisa, na mrushaji wao mahiri Mariano Rivera alikuwa ameingia kuumaliza mchezo. Kevin Millar alifika kituo cha kwanza, na meneja Terry Francona akamtoa na kumwingiza Dave Roberts, mwenye kasi zaidi. Uwanja mzima ulijua Roberts angejaribu kuiba kituo cha pili. Rivera alijaribu mara tatu kumnasa, akashindwa. Mpira wa kwanza uliporushwa kwa mpigaji, Roberts alichomoka na kufika kwa tofauti ya kufumba na kufumbua.

Bill Mueller alipiga, Roberts akarejea nyumbani, matokeo yakawa 4-4. Katika zamu ya 12 Ortiz aliuvusha mpira na Boston ikashinda 6-4. Ortiz ndiye aliyeamua pia mechi ya tano katika zamu ya 14. Mechi ya sita Curt Schilling alirusha akiwa ameshonwa kifundo cha mguu, damu ikionekana kwenye soksi yake. Oktoba 20 Boston ilishinda ya saba 10-3 ndani ya uwanja wa Yankees wenyewe. Kuvunjika kwa koleo hakukuwa mwisho wa uhunzi.

Fainali dhidi ya Cardinals ilimalizika kwa mechi nne kwa nunge usiku wa Oktoba 27, mwezi ukiwa umepatwa. Siku zilizofuata, watu walipeleka bendera na kofia za timu kwenye makaburi ya wazazi wao.

Baada ya ukame

Red Sox ilishinda tena 2007, 2013 na 2018, na kufikisha mataji tisa. Lile la 2013 lilikuwa na uzito wa kipekee kwa mji ambao Wakenya wanaujua kwa sababu ya mbio za marathoni, tangu Ibrahim Hussein alipokuwa Mwafrika wa kwanza kuzishinda 1988. Aprili 15 mwaka huo mabomu yalilipuka karibu na utepe, yakaua watu watatu na kujeruhi mamia. Miezi sita baadaye timu ilitwaa kombe Fenway kwenyewe, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1918.

Suala la ubaguzi nalo halikuzikwa. Mei 2017 mchezaji mweusi wa Baltimore, Adam Jones, alisema alitukanwa kwa rangi yake Fenway, na timu ikamwomba radhi. Mnamo 2018, kwa ombi la Red Sox wenyewe, barabara iliyo kando ya uwanja ilivuliwa jina la Yawkey.

Februari 2020 wamiliki hao hao waliosifiwa kwa kumaliza ukame walimwachilia Mookie Betts, mchezaji bora wa Ligi ya American wa 2018, kwenda Los Angeles Dodgers baada ya kukosa kuafikiana kuhusu mkataba wa muda mrefu. Dodgers, chini ya meneja Dave Roberts, yule yule aliyeiba kituo 2004, walitwaa ubingwa 2020, 2024 na 2025. Hadi kumalizika kwa msimu wa 2025, Boston haikuwa imerejea fainali.

Mizimu ya Ruth haikuwapo mezani mkataba wa Betts ulipojadiliwa. Walikuwapo watu, kalamu na hesabu za fedha, kama ilivyokuwa Januari 1920.