Upana na Kina katika Upangaji wa Menyu za Tovuti
Wasanifu wengine huifinya menyu ya tovuti iwe na vipengele saba tu, wakiegemea makala ya George Miller ya mwaka 1956. Hata hivyo, Miller alijadili kumbukumbu ya muda mfupi, ilhali vipengele vya menyu huonekana kwenye skrini wala havihitaji kukaririwa. Mwaka 1998, Larson na Czerwinski walilinganisha mipangilio ya kurasa 512. Mpangilio wa ngazi tatu, wenye viungo vinane katika kila ngazi, ulichelewesha utafutaji kuliko mipangilio ya ngazi mbili. Upana huo hufaa iwapo vipengele vimewekwa katika makundi yenye majina wanayoyatumia watumiaji wenyewe. Mwombaji wa chuo hutafuta “Ada”. Hajui idara ipi huishughulikia.