KIZIBO CHA JINO KIKIANGUKA, ASKARI ASINGOJE MAUMIVU

Askari yu mezani na wenziwe kambini, anakula posho na maharagwe. Ghafla meno yanakutana na changarawe, na mlio mdogo unasikika kinywani. Anatema mkononi na kuona kipande cha rangi ya fedha: ndicho kizibo alichotiwa na daktari wa meno miaka kadhaa iliyopita. Anakitupa, analipapasa tundu kwa ulimi, na kwa kuwa haliumi, anaendelea kula. Kesho yake anapanda gari kwenda doria ya majuma matatu.

Hapo ndipo tunapotaka kusema naye. Kosa lake si kutafuna changarawe, bali ni kudanganywa na utulivu wa siku ya kwanza. Aliyefunzwa kuvumilia hudhani kwamba kisichouma si adui. Kumbe ganda gumu la nje ndilo ngao ya jino, na ndani kabisa umo mshipa wa fahamu. Kizibo kikitoka, ngao imetoboka: chakula huingia, vijidudu huigeuza sukari kuwa asidi, na asidi hula jino kuelekea kwenye mshipa. Tena mara nyingi kizibo huanguka kwa sababu uozo umekwisha anza upya chini yake. Changarawe humaliza tu kazi iliyokwisha anzwa.

Majeshi makubwa yamejifunza jambo hili kwa taabu. Mwaka 1914 Uingereza ilipeleka jeshi lake Ufaransa bila daktari wa meno hata mmoja. Jenerali Douglas Haig akashikwa na maumivu makali ya jino vita vikiwa vimepamba moto, ikabidi daktari aletwe kutoka Paris. Kabla ya mwaka ule kwisha, madaktari wa meno wakaanza kupelekwa, na mwaka 1921 jeshi hilo likaunda kikosi maalumu cha meno. Ikiwa jino lilimsumbua jenerali, litamfanyaje askari aliye peke yake kwenye kituo cha mpakani, mbali na Moroto au Kisoro?

Basi afanye nini? Kwanza, akitoe kipande kinywani asije akakimeza. Akikimeza, mara nyingi hupita tumboni bila madhara; lakini kikimpalia na akaendelea kukohoa au kupumua kwa shida, apelekwe hospitali mara moja. Ikiwa kilichotoka ni kofia nzima ya jino, aihifadhi, kwani daktari aweza kuirudisha. Pili, atie nusu kijiko cha chai cha chumvi katika gilasi ya maji ya uvuguvugu, asukutue na kutema. Apige mswaki kwa upole, atafune kwa upande wa pili, na aepuke sukari na vitu vya moto au baridi sana. Tatu, atoe taarifa siku hiyo hiyo na aombe nafasi ya kumwona daktari wa meno, hata kama hasikii maumivu.

Ikiwa safari haiahirishiki, aulize katika duka la dawa sementi ya muda ya kuzibia jino. Maumivu yakija, pamba iliyoguswa kidogo kwa mafuta ya karafuu huyapunguza. Karafuu hiyo ni ile ile iliyoipa sifa Unguja na Pemba, na kiini cha mafuta yake madaktari hukichanganya na unga wa zinki kutengeneza kizibo cha muda. Lakini hayo yote ni kinga ya siku chache tu, hayaponyi.

Yapo pia ya kukatazwa. Asiweke kidonge cha aspirini juu ya ufizi, kwa maana huunguza nyama. Asitie petroli, maji ya betri, wala gundi ya viatu. Asifungue chupa kwa meno, wala asijaribu kuvuta pini ya bomu la mkono kwa meno kama waonyeshavyo katika sinema. Wala asidhani kwamba vidonge vya kuua vijidudu vitaziba tundu.

Likiachwa, jino hufanya jipu. Mwaka 1836 daktari Mjerumani, Wilhelm Friedrich von Ludwig, alieleza uvimbe mkali wa chini ya taya na shingoni. Leo twajua kwamba mara nyingi chanzo chake ni meno mabovu ya chini, na kwamba waweza kuziba njia ya pumzi na kuua. Kwa hiyo, uso au shingo ikivimba, homa ikipanda, kinywa kikikataa kufunguka, au kumeza na kupumua kukiwa kwa shida, hiyo ni dharura. Mgonjwa asingoje mapambazuko.

Kwa maafande tuna neno moja. Askari anayekuja kusema kwamba kizibo chake kimeanguka si mvivu akimbiaye doria. Analinda nguvu za kikosi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ruhusa ya siku moja leo ni nafuu kuliko kumtafutia mgonjwa gari usiku wa manane porini. Bunduki hukaguliwa kabla ya safari. Na kinywa kikaguliwe vivyo hivyo.