Muhogo mchungu: siku tatu ndani ya maji ni za nini?

Mshahara ukichelewa, ao karyeri ikifungwa, bukari ya mahindi inaachia nafasi bukari ya mihogo. Hapo haraka inaingia. Mihogo inatolewa majini siku ya pili, inaanikwa, inasagwa, na mfuko unauzwa. Wamama wakubwa wanakataa: siku tatu, ao ine kama kuko baridi. Wengi wanafikiri ni desturi tu. Hapana. Ndani ya ile maji kuko kazi inafanyika.

Muhogo mchungu unajua kujilinda. Ndani ya kila chembe yake kuko kitu kinaitwa linamarini, kimefungiwa katikati. Kwa ukuta wa chembe kuko enzimu, linamarazi. Panya akitafuna, chembe inapasuka, viwili vinakutana, enzimu inakata linamarini na siyanire inatoka. Ndiyo, siyanire, ile ile viwanda vinatumia kwa kutoa zahabu katika mawe.

Enzimu ni proteini iliyojikunja kwa umbo lake. Mwaka 1894 Mjerumani Emil Fischer aliifananisha na kufuli na ufunguo: kitu kimoja tu kinaingia pale. Linamarini inaingia, inakatwa, vipande vinatoka, na enzimu inabaki nzima, inangoja ingine. Basi kidogo tu inatosha, lakini inataka wakati, na inataka kukutana na kitu chake.

Kulowesha ndiko kunavikutanisha. Mizizi inalainika, chembe zinapasuka, siyanire inatoka kwa maji na kuruka hewani. Inachemka kwa digri 26 tu, ndiyo maana jua linaifukuza vizuri.

Watu wanajidanganya kwamba moto unamaliza yote. Proteini ikikutana na maji ya kuchemka inaharibika, sawa vile yai linagandamana na halirudi. Enzimu inakufa, linamarini inabaki ndani ya chakula, na mikrobi za tumbo zinaikata kule ndani. Muhogo mtamu, chemsha tu. Muhogo mchungu, hapana. Hata sombe: ponda majani mabichi kwanza, uyaache kidogo, ndipo upike bila kufunika. Wale wanaotia majani kwa maji ya moto mbele ya kuponda wanaua enzimu. Basi wamwage ile maji ya kwanza.

Ikifika mwilini, siyanire inaziba enzimu ingine, ile inayotumia hewa tunayovuta kwa kutupatia nguvu. Tuko na ulinzi: enzimu rodanezi inaigeuza kuwa kitu kinachotoka na mkojo. Lakini rodanezi inahitaji sulfuri, na sulfuri tunaipata kwa proteini za chakula: samaki, nyama, mayai, maharagi. Nyumba inayokula mihogo michungu isiyoiva majini kila siku, bila hata ndakala, inapoteza mara mbili.

Huko Kwango wanajua matokeo yake. Mwaka 1938 daktari Giovanni Trolli aliandika juu ya ugonjwa ambao Wayaka waliuita konzo, maana yake miguu iliyofungwa. Mutoto, ao mama wa umri wa kuzaa, miguu inakazana kwa ghafla, na haiponi tena. Barabara ya kwenda Kinshasa ilipotengenezwa na biashara ya mihogo ikakua, kuko vijiji vilipunguza siku za kulowesha juu ya kuuza haraka, na konzo ikafuata. Mnunuzi haoni siku kwenye unga, anaona bei.

Na kama umekwisha kununua unga, haujui ulilala majini siku ngapi? Kuko njia ya Howard Bradbury wa Australia, ambayo wamama wa Popokabaka waliitumia. Changanya unga na maji, utandaze kwa kitambaa, usipite unene wa kidole, uuache saa mbili juani ao saa tano kivulini. Enzimu iliyobaki kwenye unga inamaliza kazi yake, siyanire inaruka. Kisha songa bukari siku ile ile, isilale.