Viatu Vilivyoloa Matope: Tuvikaushe Kabla Havijaumiza Miguu ya Mtoto

Leo tutazungumza juu ya kitu ambacho pengine kiko mlangoni pako wakati huu huu: viatu vya mtoto vya shule, vimejaa matope nje, na ndani vinanuka.

Tuchukue mfano. Ni msimu wa mvua za masika, kati ya Machi na Mei. Mtoto anatoka nyumbani alfajiri. Kama mnaishi Murang'a au Nyeri, njia ni ya udongo mwekundu unaoteleza. Kama ni nyanda za Kano, ni udongo mweusi unaonata mpaka kiatu kinakuwa kizito kama jiwe. Jioni anarudi ameloa, anavua viatu na kuvisukuma chini ya kitanda. Asubuhi havijakauka, lakini hana vingine, kwa hivyo anavivaa vivyo hivyo. Siku ya tatu harufu inaanza. Darasani wenzake wanaziba pua na kucheka. Mtoto anaanza kukaa peke yake nyuma, au anasema tumbo linamuuma ili asiende shule.

Mara nyingi sisi wazazi humkaripia: "Wewe huoshi miguu!" Mama, kabla ya kumkaripia, tia mkono wako ndani ya kile kiatu. Ukihisi unyevu, basi umepata chanzo cha shida. Mtoto anaweza kuosha miguu kila siku, lakini akiirudisha ndani ya kiatu kibichi, harufu itarudi kabla ya saa nne asubuhi.

Harufu hutoka wapi?

Ngozi ya wayo ina tezi nyingi sana za jasho. Jasho lenyewe linapotoka halina harufu kubwa. Lakini juu ya ngozi ya kila mtu huishi bakteria, yaani vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Ndani ya kiatu kuna joto, giza na unyevu. Hapo bakteria hula jasho na ngozi iliyokufa, huongezeka upesi, na kile wanachotoa ndicho kinachonuka. Ndiyo sababu kupaka rangi na kung'arisha kiatu kwa nje hakusaidii. Kunyunyiza manukato ndani pia ni kuficha tu.

Katika unyevu huo huo hustawi kuvu, ambao wengi wetu huwaita fangasi. Mara nyingi huanza katikati ya vidole, hasa kati ya kidole cha mwisho na kile kinachokifuata. Ngozi hugeuka nyeupe na laini kama iliyokaa majini, huwasha, halafu hupasuka. Huo ufa ni mdogo, lakini ni mlango. Bakteria wakiingia hapo, mguu unaweza kuvimba, ukatoa usaha, na mtoto akashikwa na homa. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wengine husema, "Basi aende peku." La, mama. Katika udongo wenye unyevu uliochafuliwa kwa kinyesi huweza kuwa na viluwiluwi vya minyoo ya safura, ambavyo hupenya ngozi ya mguu mtupu. Minyoo hiyo hunyonya damu tumboni na kumwachia mtoto upungufu wa damu. Pia kuna misumari na vigae vya chupa. Mtoto anahitaji viatu, lakini anahitaji viatu vikavu.

Tufanye nini jioni?

Kwanza, viatu vivuliwe mlangoni na vishughulikiwe jioni hiyo hiyo. Ondoa matope mazito kwa kijiti, kisha gonganisha nyayo za viatu nje ya nyumba. Usitumie kisu, kitakata ngozi ya kiatu au uzi.

Pili, toa kamba na kile kitambaa cha ndani kinachokanyagwa, kama kinatoka. Vioshe kando kwa sabuni na uvianike. Wengi wetu husahau kitambaa hiki, na hapo ndipo jasho hujaa zaidi.

Tatu, osha kulingana na aina ya kiatu. Raba za kitambaa zinaweza kuoshwa kwa maji, sabuni na brashi, kisha zisuuzwe mpaka povu liishe, kwa maana sabuni inayobaki huwasha ngozi. Viatu vya ngozi visilowekwe kwenye beseni. Chukua kitambaa, kichovye katika maji ya sabuni, kikamue sana, upanguse nje. Kisha kisuuze na upanguse ndani mpaka kwenye ncha ya vidole. Malizia kwa kitambaa kikavu.

Nne, vuta ulimi wa kiatu nje ili kifunguke vizuri, halafu kijaze gazeti kuukuu lililofinyangwa. Gazeti hunyonya maji. Baada ya saa moja au mbili litakuwa limeloa, litoe uweke jingine. Badilisha tena kabla ya kulala. Kama huna gazeti, tumia vitambaa vikavu vya pamba.

Tano, weka viatu mahali hewa inapopita, vikiwa vimeegemezwa ukutani, wala si chini ya kitanda na wala si ndani ya mfuko wa plastiki. Mchana ukipata jua, raba zianike juani. Viatu vya ngozi vianike kivulini penye upepo, kwa sababu jua kali hukausha ngozi mpaka ikapasuka. Hata mwezi wa Julai kule Limuru au Kinangop, jua linapokosekana siku nzima, upepo bado unakausha.

Hatari ya jiko

Mama msikilizaji, sasa nisikilize vizuri zaidi. Usiku wa mvua, watu wengi huingiza jiko la makaa chumbani, hufunga mlango na dirisha, na kupanga viatu kando ya jiko ili vikauke huku watoto wamelala. Tafadhali usifanye hivyo hata siku moja.

Makaa yanapowaka hutoa gesi ya sumu iitwayo kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi wala harufu. Hata makaa yakiwa mekundu bila moshi, gesi ingali inatoka. Mtu akiivuta, inashika nafasi ya oksijeni katika damu. Kichwa huuma, kizunguzungu na kichefuchefu hufuata, kisha usingizi mzito. Aliyelala anaweza asiamke tena. Ukiona watu wa nyumba moja wanaumwa kichwa na kulegea kwa pamoja, na kuna jiko ndani, watoe wote nje kwenye hewa safi mara moja na uwakimbize hospitalini.

Zaidi ya hayo, moto huyeyusha gundi, hukunja ngozi ya kiatu, na gazeti lililomo laweza kushika moto. Afadhali mtoto achelewe shule kwa sababu ya viatu vibichi kuliko jiko kulala chumbani na watoto.

Kama ana viatu jozi moja tu

Najua si kila nyumba inaweza kununua jozi ya pili. Lakini viatu havitakauka kama havipati nafasi ya kukauka. Njia moja ni hii: siku za matope mtoto atembee kwa gambuti au slipa, na viatu vya shule avibebe mkobani pamoja na soksi kavu na kitambaa kidogo. Akifika shuleni aoshe miguu, aipanguse, halafu avae viatu vikavu. Zungumza na mwalimu mapema ili mtoto asionekane amevunja sheria ya sare. Gambuti nazo zinahitaji kupanguswa ndani na kukaushwa kila jioni, kwa sababu mpira haupitishi hewa na miguu hutoka jasho jingi ndani yake.

Soksi zibadilishwe kila siku. Jozi mbili zinatosha: moja mguuni, nyingine kwenye kamba ya nguo. Soksi za pamba ni nzuri kwa kuwa hunyonya jasho. Watoto wasibadilishane soksi wala viatu, kwa maana kuvu huambukizwa hivyo.

Na miguu yenyewe?

Kila jioni mtoto aoshe miguu kwa maji na sabuni, aipanguse, na akaushe katikati ya kila kidole. Mafuta ya kujipaka yapakwe juu ya mguu na kisiginoni, lakini si katikati ya vidole, kwa sababu hapo hufungia unyevu. Mara moja kwa wiki, kaa na mtoto penye mwanga umkague vidole na nyayo. Ukiona vishimo vidogo vidogo kwenye wayo na harufu kali, hayo pia ni maambukizi ya bakteria na yana dawa.

Ukiona dalili za kuvu, mpeleke kwenye kituo cha afya au uulize katika duka la dawa lenye mtaalamu. Kuna krimu kama klotrimazoli, ambayo hupakwa mara mbili kwa siku. Wengi hukosea kwa kuacha dawa mara tu muwasho unapokwisha, na kuvu hurudi. Endelea kwa muda wote ulioambiwa. Usipake mafuta ya taa wala asidi ya betri juu ya kidonda. Vinachoma ngozi, haviponyi.

Usingoje nyumbani ukiona mguu umevimba, una usaha, mtoto ana homa, anachechemea au ametokwa na mtoki kwenye kinena. Kwa ngozi yetu nyeusi, wekundu huenda usionekane vizuri. Kwa hivyo linganisha miguu yote miwili kwa mgongo wa mkono wako. Mmoja ukiwa moto kuliko mwenzake, nenda hospitali. Na kama nyumbani kuna nyanya au babu mwenye ugonjwa wa kisukari anayevaa gambuti shambani, kagua miguu yake kila siku. Yeye anaweza kuwa na kidonda asikisikie.

Tukumbuke haya

Harufu ya viatu ni dalili ya unyevu. Viatu vioshwe na kukaushwa ndani, si nje tu. Gazeti na upepo vifanye kazi, jiko lisilale chumbani. Soksi kavu kila siku, na vidole vikaushwe kimoja kimoja.

Leo jioni mtoto akirudi, usianze na karipio. Mpe maji na sabuni, mpe gazeti kuukuu, mfanye kazi hiyo pamoja. Akizoea, ataifanya mwenyewe. Na kesho darasani ataweza kukaa popote apendapo, bila wasiwasi.



Maswali ya kujadiliana katika kikundi

1. Katika nyumba zetu, viatu huwekwa wapi usiku wa mvua? Hewa inapita hapo?
2. Ni nani kati yetu huingiza jiko chumbani wakati wa baridi? Tufanye nini badala yake?
3. Tunawezaje kuzungumza na walimu ili watoto wapate maji na mahali pa kubadilishia viatu wanapofika shuleni?