Jina la Mmasai katika Filamu ya Mapenzi Iliyoanzia Likoni

Shelly Beach iko Likoni, upande wa pili wa maji, kusini ya kisiwa cha Mombasa. Abiria wa kivuko cha hapo husema Kidigo, Kikamba, Kitaita au Kiluo nyumbani kwao, na wote hukutana katika Kiswahili. Ndani ya kivuko hicho ndimo linamoanzia penzi la filamu ya Kijerumani *Die weiße Massai*, iliyoongozwa na Hermine Huntgeburth mwaka 2005 kutokana na kitabu cha Corinne Hofmann cha mwaka 1998. Mwanamke wa Uswisi, aliye likizoni na mchumba wake, amwona morani mmoja, na moyo wake hautulii tena. Amwacha mchumba, amfuata morani hadi Usamburu, aolewa naye, afungua duka, na mwisho aondoka na mtoto wao.

Yafaa kwanza kulitazama jina. Mwanamume wa hadithi hii ni Msamburu. Wasamburu na Wamasai ni ndugu wa lugha, kwani wote husema Kimaa. Lakini Wasamburu wako kaskazini, pande za Maralal, na Wamasai wako kusini, pande za Narok na Kajiado hadi Tanzania. Zaidi ya hayo, jina lenyewe hakupewa mwanamume. Katika Kijerumani neno *die* laonyesha hapa kwamba anayetajwa ni mwanamke, yaani yule mgeni. Mfasiri akiandika "Mmasai Mweupe", msomaji hatajua kama ni mume au mke, kwa kuwa ngeli ya M-/WA- haibagui jinsia. Basi Msamburu hatajwi. Mmasai ametajwa, naye hayumo. Mzungu ndiye aliyepewa kabila.

Wahenga walisema, ukipenda, chongo huita kengeza. Methali hii aghalabu hufasiriwa kuwa mapenzi hupofusha. Lakini kitenzi chake ni kuita, si kuona: kinachobadilika ni jina. Wala kosa si la mpenzi peke yake. Pwani yenyewe, avaaye shuka nyekundu na shanga huitwa Mmasai, na Wasamburu wengi wanaofanya biashara ufukoni hulistahimili jina hilo, maana ndilo wageni walijualo. Nao Wadigo, wenyeji wa Likoni, hadithi yapita katika nchi yao bila kukaa.

Morani huyo, aitwaye Lemalian, aliigizwa na Jacky Ido, mzaliwa wa Burkina Faso. Yaweza kujibiwa kwamba kazi ya mwigizaji ni kuwa asiye yeye, na jibu hilo ni la haki: Nina Hoss, aliyemwigiza mwanamke wa Uswisi, ni Mjerumani. Tofauti ni kwamba mtazamaji wa Ulaya ana njia nyingi za kumjua Mswisi. Msamburu huenda asimwone tena popote.

Hata hivyo, dukani filamu yakaribia ukweli. Mke adai fedha. Mume awapa jamaa na rafiki zake bidhaa bila malipo. Aitacho mmoja hasara, mwenziwe akiita udugu. Hapo tofauti ya watu haimo tena katika mavazi, bali katika maana ya maneno. Mwanafunzi atakayepewa kuifasiri filamu hii kwa Kiswahili hana budi kuanzia hapo, naye aulize kwanza swali ambalo jina la filamu halikuuliza: mtu huyu, kwao, hujiitaje?