Vali za moyo zinapogeuka jiwe: Hatari inayowanyemelea wanaosafishwa damu

MGONJWA ambaye figo zake zimekoma kufanya kazi huyaelekeza macho yake yote kwenye mashine ya kusafisha damu. Hata hivyo, kinachowaua wengi wa wagonjwa hawa ni maradhi ya moyo na mishipa ya damu.

Mojawapo ya maradhi hayo ni kukakamaa kwa vali, yaani vilango vinavyoruhusu damu kupita moyoni na kuizuia isirudi ilikotoka. Moyo una vali 4. Zinazoathirika zaidi ni mbili za upande wa kushoto, ambako madini ya kalisiamu hurundikana hadi vali ikashindwa kufunguka au kufunga sawasawa.

Chanzo kimo katika kazi ambayo figo zimeiacha. Figo zenye afya huondoa madini ya fosforasi yanayozidi mwilini. Mashine inayotumiwa kwa saa chache mara 2 au 3 kwa wiki haiwezi kuyamaliza. Yanapojaa kwenye damu, tezi ndogo za shingoni hutoa homoni inayonyofoa kalisiamu kutoka mifupani. Nazo chembechembe za vali huanza kutenda kazi kama za mfupa. Hivyo basi, mifupa hudhoofika huku vali zikigeuka mfupa.

Uzito wa jambo hili ulidhihirika mwaka wa 2003, ulipochapishwa utafiti wa Hong Kong uliohusisha wagonjwa 192 waliosafishwa damu kupitia utando wa tumbo. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 93 ya wale ambao vali zao hazikuwa na kalisiamu walikuwa hai, ikilinganishwa na asilimia 70 ya waliokuwa nayo.

Matokeo hayo hayathibitishi kwamba vali peke yake ndiyo iliyoua, kwani mwenye vali ngumu aghalabu huwa na mishipa iliyokakamaa pia. Lakini ni ishara isiyofaa kupuuzwa. Mwongozo wa kimataifa wa matibabu ya figo, KDIGO, huwahesabu wagonjwa wa aina hii miongoni mwa walio katika hatari kubwa zaidi ya maradhi ya moyo.

Tatizo ni kwamba dalili zake hujificha. Kuhema, kizunguzungu, maumivu ya kifua na presha kushuka ghafla mgonjwa akiwa kwenye mashine hudhaniwa kuwa uchovu wa kawaida wa matibabu. Ukweli hubainika kwa picha ya moyo inayopigwa kwa mawimbi ya sauti, bila kupasua wala kutumia miale.

Hakuna dawa iliyothibitishwa kuyeyusha kalisiamu iliyokwisha kuganda kwenye vali. Ndiyo maana kinga huanzia mezani. Soda nyeusi na nyama zilizosindikwa viwandani zina fosforasi inayofyonzwa upesi. Dawa za kuinasa fosforasi humezwa pamoja na chakula. Zikimezwa tumbo likiwa tupu, faida yake hupungua sana. Aidha, kuruka siku ya kusafishwa damu huyapa madini nafasi ya kurundikana.

Vali ikiharibika kabisa, madaktari wanaweza kuibadilisha, ingawa upasuaji huo una hatari zaidi kwa mgonjwa wa figo. Kwa hivyo, anayehema kuliko alivyozoea amweleze daktari mapema na kuuliza kuhusu picha ya moyo.